Wati Elfu Moja za Kwenye Boksi

Karakana, 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima wa afya, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri kila ninapoinama kuokota skrubu, na siku hizi skrubu zinaanguka kuliko zamani. Natumaini wewe na mume wako hamjambo, na baridi ya huko haijawagandisha.

Najua utashangaa kuona barua. Simu ya karakana imekuwa mbovu, inakoroma tu kama mzee aliyelala chali, kwa hiyo usihangaike kupiga. Wala hujapiga tangu Juni. Silaumu, kazi ni nyingi, nasema tu kwamba nimehesabu miezi.

Nina shida ya ufundi, na katika ukoo wetu mzima mafundi tuko wawili, mimi na wewe niliyekufundisha kushika bisibisi kabla hujajua kushika kalamu. Daktari wa Meno, yule aliyemng'oa marehemu mama yako jino zima akaacha bovu, amejenga chumba cha sinema nyumbani kwake. Hatua kumi na mbili kwa saba, viti vya ngozi, mapazia mazito, kitambaa cheupe ukutani. Ameagiza spika mbili za kusimama sakafuni, kila moja inanifika kifuani. Nyuma zimeandikwa wati mia mbili, ukinzani omu nne. Akaniambia, "Fundi Sikio, wewe ndiye wa kunitafutia amplifaya." Akaniita kwa jina langu la kazi mbele ya mkewe na mama mkwe wake. Ningekataaje?

Nikamchukulia amplifaya ambayo boksi lake linasema wati elfu moja. Siku ya pili twita zote mbili chali, zile spika ndogo za juu kabisa zinazotoa sauti nyembamba. Nikaweka mpya. Wiki haikuisha, nazo zikaungua. Daktari ameanza kunitazama kama anavyotazama jino la kung'oa. Na Bwana Dijitali, yule aliyefungua duka la vyombo vya muziki lenye vioo kote ng'ambo ya barabara, ameshapita nyumbani kwake "kusalimia".

Nadhani nguvu ni nyingi mno. Nataka nimwekee amplifaya ndogo, wati thelathini hivi, spika zipumzike. Mnyonge hawezi kumvunja mbavu jitu. Wewe unafunga sauti kwenye majumba makubwa huko, niambie kama nakosea. Zikiungua mara ya tatu jina la Sikio limekwisha, na mimi mjini hapa sina jingine.

Andika, usipige.

Ni mimi,
Baba yako


21 Februari

Baba,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo.

Nilitaka nisikujibu. Mume wangu ndiye aliyeniwekea karatasi mezani akasema spika za watu hazina kosa. Kwa hiyo nakujibu ya ufundi.

Unakosea. Amplifaya ndogo ndiyo iliyounguza. Maandishi ya kwenye boksi ni ya kuuzia. Angalia nyuma ya amplifaya yenyewe, karibu na waya wa umeme, usome inakula wati ngapi kutoka ukutani. Haiwezi kutoa kuliko inavyokula. Nakisia inatoa hamsini kila upande. Chumba ni kikubwa, spika ni nzito, na ni za omu nne, zinavuta umeme mwingi kuliko za omu nane tulizozoea. Ukitaka sauti ipande kidogo tu, kiasi cha mtu kusema "naam, imepanda," nguvu lazima iwe maradufu. Hamsini iwe mia, mia iwe mia mbili. Yako imeishia hamsini. Ikilazimishwa inakata vichwa vya sauti, mawimbi yanatoka bapa kama yamepigwa panga, na uchafu wote ule unapanda kwenye twita. Twita haikuumbwa kubeba uchafu.

Mtafutie ya kweli, wati mia mbili hadi mia tatu kwa omu nne, kila upande. Ukiweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, irudishe dukani. Nguvu ya akiba haiunguzi spika, mradi mkono unaoshika kitasa cha sauti una adabu.

Na hapo nina swali. Nani alikuwa anapandisha sauti kiasi hicho? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitasa kikielekea saa tatu, kama mshale wa saa, kinawatosha watu wa heshima.

Kuhusu Juni. Nilikupa kwenye simu habari ambayo sijawahi kupata ngumu kuliko hiyo. Nilijipanga siku tatu kabla ya kupiga. Nilipomaliza ulicheka, ukasema, "Vizuri sana, hongera mwanangu, Mungu ni mwema," ukaanza kunieleza mvua za huko. Nikakata simu. Tangu siku hiyo najiuliza ni baba gani anayeweza kucheka pale. Sitairudia habari ile kwa kalamu. Uliambiwa mara moja, inatosha.

Binti yako


Karakana, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako haikuwa na shikamoo, nadhani ilidondoka njiani, nami nimeiitikia hivyo hivyo isije ikapotea bure. Mimi sijambo. Mgongo unawasalimu.

Kwenye amplifaya nimenyoosha mikono, nimefungwa bao na mtoto niliyemzaa. Ile ya kwanza inakula wati mia moja na arobaini. Elfu moja ilikuwa ya boksi tu, na boksi nimelitupa kwa hasira, kisha nikaliokota kwa sababu ni boksi zuri la kuwekea waya.

Daktari akakubali tununue nyingine. Tumeipata kwenye ukumbi wa mikutano uliofungwa, wati mia mbili na hamsini za haki, nzito kama mfuko wa saruji. Tuliibeba watu wawili na bado tulipumzika kwenye ngazi. Nikafunga twita mpya, nikakaza kila skrubu, nikawasha.

Mwanangu, bado. Sauti nzito inatikisa vioo, sauti za watu zipo zipo, lakini juu hakuna kitu. Sinema ya Daktari ina mvua inayonyesha kwenye bati. Niliiona mvua kwa macho, haikulia. Nikakizungusha kitasa cha sauti nyembamba hadi mwisho, nikakipandisha na kile kikubwa. Mama mkwe akainuka akatoka amejishika kichwa, yule mama ni mwoga wa kelele. Daktari akanisogelea akasema jambo, nikamwambia, "Naam, naam, itakaa sawa." Nikazima. Ama hizo twita zimekufa kabla hazijaishi, ama nimeuziwa mbovu.

Kuhusu Juni, usiniwekee moyoni. Mtu mzima hucheka mahali pengi ambapo hakupaswa kucheka. Niambie tu, kazi yako ipo? Hawajakuachisha? Mume wako, miguu yake yote miwili anayo? Nyumba mnayokaa haikuungua? Nijibu hayo na moyo wangu utatulia. Nasikitika kwa yote, hata kama siyataji moja moja.

Baba yako


30 Machi

Baba,

Sisi hatujambo.

Kazi ipo. Nyumba haijaungua. Mume wangu ana miguu miwili. Unanifanyia mzaha? Nilimsomea barua yako kwa sauti, na nilipofika hapo kwenye miguu yake akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Unauliza kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Uliambiwa, Baba. Uliambiwa kwa sauti yangu. Siku ya harusi yetu ulisema mbele ya wageni kwamba ndoa hii haitazaa kitu. Niliposikia ile "hongera" nilidhani unafurahi kwamba ulikuwa sahihi. Bado nadhani hivyo, na sipendi kudhani hivyo.

Sasa ufundi. Twita mpya kwenye amplifaya ya kweli haifi kimya kimya. Inakwaruza kwanza, inanuka, ndipo inakufa. Nifanyie mambo mawili. Kwanza zipime kwa mita. Zikisoma omu nne au tano, koili, ule waya wa ndani, ni nzima na tatizo liko kwingine. Pili, nimekuwekea diski humu. Ina sauti kumi, ya kwanza ni ngurumo, ya kumi ni mluzi mwembamba kabisa. Kitasa kiwe saa tatu na usikiguse tena. Kaeni wewe na Daktari kwenye viti vilivyo jirani. Chora karatasi safu mbili. Kushoto andika unachosikia wewe, kulia Daktari aandike anachosikia yeye, kwa mkono wake.

Nitumie karatasi yenyewe, si nakala.

Binti yako


Karakana, 25 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni yule yule.

Karatasi hii hapa. Twita zinasoma omu nne na nusu, zote mbili. Nzima. Sina cha kukueleza zaidi.

Nimemwambia Daktari atafute mikono mingine. Bwana Dijitali ameshafika na kompyuta yake, na kipaza sauti chake kwenye kigoda cha miguu mitatu. Niliviona kupitia mlango wa gari lake. Vifaa vizuri, siwezi kusema uongo.

Kuhusu lile neno la harusini, nililijua baya likiwa bado mdomoni, nikalitoa hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nimekasirika kwamba unakwenda mbali. Mumeo hakuwa na kosa, kosa lake lilikuwa tiketi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekaa na barua yako ya mwisho na nimeanza kukisia jambo, na sitaki kulikisia.

Usinitumie diski nyingine.

Baba yako


10 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Karatasi umeikata. Upande wa kulia una alama ya mkasi, na mkia wa herufi moja ya Daktari umebaki ukingoni, kwenye mstari wa tisa. Pale pale kwenye mstari wa tisa wewe umeandika "hakuna". Kuanzia wa saba hadi wa kumi umeandika "hakuna", kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukiandikia majina ya wenye redio. Neno "hakuna" halina herufi yenye mkia wa kushuka chini. Daktari alisikia.

Nimeiweka karatasi mezani siku nne, nikawa napita na kuitazama.

Spika zinalia, Baba. Zililia tangu mwanzo. Ulipandisha ile amplifaya ya kwanza kwa sababu juu hukusikia kitu, na ulipoipandisha ndipo ikaziunguza kweli. Ukaweka mpya, ukapandisha tena. Hizi za tatu zilipata amplifaya yenye nguvu ya kuzitosha, zikapona, na zilikuwa zinapiga kelele hadi mama wa watu akakimbia chumba. Mvua ilinyesha. Waliisikia wote isipokuwa wewe.

Na simu ya karakana haikoromi, sivyo? Nimekumbuka mengi wiki hii. Ulivyokuwa unasema "naam, naam" kabla sijamaliza swali. Ulivyoacha kuniuliza nirudie. Nilidhani umenichoka.

Nina swali moja na sitaliuliza tena. Siku ile ya Juni, ulisikia nini? Kama uliisikia habari na ukacheka, sema, nijue nina baba wa namna gani. Kama hukuisikia, sema pia. Najua unachopoteza ukiliandika jibu hilo. Fundi Sikio hawezi kuliandika. Namwuliza baba yangu.

Binti yako


Karakana, 19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hii ya sasa imefika salama, haikudondoka. Mimi ni mzima, na mara hii nasema mzima bila masikio.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana, na mara ya nne niliandika habari za hali ya hewa ukurasa mzima.

Sikuisikia. Sikusikia hata neno moja.

Ilianza mwaka mmoja baada ya mama yako kuondoka. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, nikadhani wamehama. Kisha kengele ya mlango. Kisha ikawa wateja wanazungumza kama wana pamba mdomoni, nikawa natazama midomo yao. Redio nikawa nazitengeneza kwa kuweka vidole kwenye spika, na sauti nzito vidole vinaisikia vizuri, ila ile nyembamba haifiki kwenye kidole. Mtu akiniuliza jambo nasema "itakaa sawa". Huwezi kuamini maswali mangapi ya binadamu yanajibika kwa "itakaa sawa". Na watu walikuwa wakinipeleka kwa jirani zao wakisema, huyu ndiye Sikio, anajua ubovu wa redio akiwa bado barabarani. Ningewaambia nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, haya, na mkuu mwenyewe asiposikia?

Simu ndiyo ilikuwa mtihani, kwa kuwa simu haina midomo. Nilikuwa na ujanja wangu. Nilisikiliza sauti yako ikipanda na kushuka, kama nyuki ndani ya kopo, na ikikatika najua zamu yangu imefika. Tangu ukiwa mdogo unamaliza maneno yako kwa mzaha. Kwa hiyo nilikuwa nacheka kwanza, kisha nasema vizuri sana, kisha hongera, kisha naongea mimi, kwa sababu nikiongea mimi huwezi kuniuliza kitu. Nilifanya hivyo miaka miwili na hukugundua. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Siku ya Juni nyuki waliimba, wakanyamaza, nami nikacheka.

Ulipoandika Februari kwamba nilicheka kwenye habari ngumu, nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana. Nilikuwa na neno moja tu la kuandika, "sikusikia", na nikashindwa. Nikakuuliza habari za miguu ya mumeo. Nilifikiri nitapapasa hadi niipate habari mwenyewe bila kukuuliza. Kati ya jina la kazi na mtoto wangu nilishika jina la kazi, kwa miezi mitano. Hilo ndilo kosa, kuliko hata kicheko.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na twita. Mimi ndiye ile amplifaya, mwanangu. Wati hamsini zilizochoka, na boksi linasema elfu moja.

Nimekwenda kwa Daktari wa Meno nikamwambia usoni. Akaniandikia kwenye kile kikaratasi cha dawa kwamba alijua tangu siku ya diski, alipoona naandika "hakuna" kwenye mstari wa saba huku yeye anasikia, na kwamba mkasi ni wake, nilimwomba mwenyewe akanipa. Anasema Bwana Dijitali alipima chumba kizima akasema amplifaya na spika vimeoana kabisa, akauliza nani alichagua. Daktari akamwambia, binti wa fundi. Wamekirudisha kitasa saa tatu na wanaangalia sinema zao.

Bango la Fundi Sikio nimelishusha mlangoni. Sasa natengeneza feni na pasi. Feni haidai masikio, inazunguka au haizunguki.

Niandikie ulichosema Juni. Nimekwisha kukisia, lakini kukisia ndiko kulikotufikisha hapa. Kwa macho nasikia vizuri.

Baba yako


5 Agosti

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza.

Tulikuwa na mtoto wa kiume.

Mimba nilikuficha kwa sababu ya lile neno la harusini. Nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka siku moja nikupigie nisiseme kitu, nikiweke kinywa cha simu karibu na mdomo wake, umsikie analia, uaibike kwa furaha. Niliurudia mpango huo kila siku nikienda kazini, hadi nikawa nacheka peke yangu kwenye lifti.

Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, kabla ya siku zake. Aliishi siku mbili. Alilia mara moja tu, sauti nyembamba sana, mume wangu alidhani ni mlango. Tulimpa jina lako. Si la kazi, lile la kwenye cheti. Lina herufi nyingi kwa mtoto mdogo vile, karani wa hospitali aliliandika hadi pembeni ya kadi.

Nilichosema kwenye simu ni hiki, nakumbuka kila neno kwa sababu nilikiandika kwanza kwenye karatasi nisije nikashindwa: "Baba, nilikuwa na mtoto. Amezaliwa kabla ya siku zake. Ameishi siku mbili, na tumemzika Jumanne. Ana jina lako." Kisha nikanyamaza nikikungoja.

Hasira niliyokuwa nayo sijui niipeleke wapi sasa. Nimeizoea, ilikuwa inanisaidia kuamka. Nimekasirika pia kwamba ulinificha, na kwamba nami nilikuficha, na tukawa watu wawili wa ufundi mmoja, kila mmoja ameziba waya wake. Sikulaumu kwa kutosikia. Nakulaumu kwa miezi mitano ya Februari hadi Julai, na nadhani nitakulaumu kwa muda. Nimeona nikuambie.

Mume wangu anakusalimu. Anasema miguu yote miwili ipo.

Binti yako


28 Agosti

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima wa afya, na feni za watu zinazunguka. Sisi hatujambo.

Nakuandikia kuhusu jana.

Simu ililia saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimetoka kazini na viatu bado miguuni. Mume wangu ndiye aliyeshika. Alisikia pumzi za mzee tu, akajua ni wewe, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwangu, na uso wake ukawa vile ulivyokuwa hospitalini. Nikaiweka sikioni.

Nataka ujue kwamba maneno yako yote yalifika. Laini ilikuwa safi. Ulisema, "Usisumbuke kujibu, sitasikia." Ukasema barua umeipata na umeisoma ukiwa umekaa. Ukasema hongera ile uliitoa kwa mdomo, na pole haiwezi kwenda kwa karatasi, lazima nayo itoke kwa mdomo huo huo, upande kwenye waya huo huo. Kisha ukasema pole, mwanangu. Ukasema mara nyingi, sikuhesabu. Ukampa pole na mkweo ukamwita mwanangu, na yeye alikuwa ameegemea bega langu kwa hiyo aliisikia. Ukamtaja mjukuu wako kwa jina, lote, herufi zote. Hakuna mtu aliyelitaja kwa sauti tangu siku ile kwa karani. Kwetu humu ndani tulikuwa tunasema "yeye".

Kisha ukasema utakaa kwenye simu na kuhesabu hadi mia moja, ili nami niseme ninachotaka, halafu utakata. Nilikuwa nasikia unahesabu kwa pumzi. Nadhani uliruka ilipofika sitini na kitu, au ulikuwa unalia. Ukakata.

Sasa najua huko uliko umebaki umekaa na mkono kwenye simu, hujui kama upande huu palikuwa na mtu au palikuwa na ukuta. Ndiyo maana nimeamka na kuandika kabla ya kazi, nikuambie yaliyosemwa.

Nililia, hiyo ilichukua hesabu nyingi. Nikakuambia kwamba alikuwa na kidole kirefu cha mwisho mguuni, kama chako. Nikakuambia kwamba bado nina hasira, lakini imepungua nguvu, imeanza kuwa kama kitu cha kawaida kilichopo ndani ya nyumba. Nikakuambia nimeomba likizo mwezi Desemba, na nakuja na kifaa cha masikio kutoka kwa fundi wa hapa ninayemwamini, nacho nitakirekebisha mimi mwenyewe, polepole, nguvu kwa kiasi chako, na usije ukathubutu kukizungusha hadi mwisho. Mume wangu alidakia akasema kitu kuhusu bango, kwamba ulirudishe tu juu, nikamwambia anyamaze muda unakwenda. Na ulipokwisha kukata, bado tuliendelea kuongea nawe kidogo.

Kuna kingine. Kabla ya yote, kabla hujasema usisumbuke kujibu, neno lako la kwanza kabisa lilikuwa "marahaba". Hukuwa umesikia chochote. Uliitikia gizani, ukiamini kwamba upande huu lazima nitakuwa nimekuamkia.

Nilikuwa nimekuamkia, Baba. Niliiweka simu sikioni na kabla ya pumzi nyingine nilisema shikamoo.

Mwanao